Kikuria Chako Kimebaki Kwenye Kompyuta

Mama yangu,

Kompyuta yako iko hapa Kegonga, kwenye meza yangu ya jikoni. Leo ndiyo nimeifungua kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika Homa Bay. Niliogopa.

Unakumbuka ulivyoanza? Nilipoolewa na Mkuria uliapa kwamba hutazungumza na mama mkwe wangu kupitia mkalimani. Nikakuambia Kiswahili kipo. Ukanijibu, "Kiswahili ni cha sokoni, Atieno. Mkwe si mteja." Miaka ikapita, ndipo ukatafuta programu ya kufundisha Kikuria, hukupata. "Kifaransa kimejaa tele, cha jirani hakuna!" Ukachukua programu ya kadi, ile ambayo mtu hujiwekea maneno na sauti mwenyewe, ukaniomba nikurekodie. Mimi na shughuli zangu, nikampa simu mwanangu Marwa akurekodie yeye, wakati ule ana miaka saba. Kila asubuhi, chai mkononi, ukawa unamfuatisha neno kwa neno.

Halafu ukaja kwetu. Ukasimama mbele ya mama mkwe, kifua mbele, ukamwamkia vile mjukuu anavyomwamkia bibi yake. Mwanamke wa rika lako! Nyumba nzima iliangua kicheko. Naye bila kusita akakuwekea mkono kichwani, akakubariki kama mtoto. Ulicheka mpaka kitambaa kikakudondoka. Ee Mama, nakitamani kicheko kile.

Ulipoanza kuugua ukaniomba, "Sasa nisomee wewe, maneno ya watu wazima." Nikasema kesho. Kesho zangu hazikuisha, wewe ukaondoka.

Leo nimezikuta kadi ulizoniandalia nikusomee. Umeandika Kijaluo chako, mahali pa sauti ni patupu. Nyingi ni za kawaida tu: mvua imechelewa, mgongo unauma, karibu uji. Ya mwisho inasema, "Mkwe wangu, nakuachia binti yangu."

Nililia, sikufichi.

Kisha nikamwendea mama mkwe, alikuwa anachambua mboga. Nikamwambia maneno yako kwa Kikuria, kwa kinywa changu, kama nilivyopaswa kukusomea. Akaweka mboga chini. Halafu akauliza kwa nini ulidhani ni lazima uombe. Akanisogezea kigoda, tukachambua pamoja.

Kadi zilizobaki nitazirekodi zote, Kijaluo na Kikuria, Marwa akue akizisikia. Hiyo ni ahadi.

Kwaheri, Mama. Lala bila wasiwasi. Nimepokelewa.

Atieno wako