Jina Nililolitaja

Kulesa, 14 Aprili 1957

Ndugu yangu Tsuma,

Hujambo, na kazi haijambo? Sisi tunaendelea hivyo hivyo. Shangazi wa Chara anakusalimu sana. Nakuandikia kwa mkono wangu, uvumilie mwandiko. Jambo hili sikutaka kumpa mwalimu aniandikie.

Mpwa wako Nzai anaumwa. Nilimwachisha ziwa mwezi wa pili, nilipojua nina mimba nyingine. Tangu hapo anakula uji wa mahindi na ndizi, na anashiba, lakini miguu imevimba. Ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Nywele zimekuwa nyekundu. Alikuwa amekwisha kutembea, sasa anakaa pale nilipomweka mpaka nimwondoe. Hachezi, hataki hata kutazamwa.

Mavyaa, mama wa mume wangu Mangi, anasema ni chirwa. Unajua maana yake: kwamba mmoja wetu ametoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayeumia. Mangi anaapa si yeye. Basi nimebaki mimi. Wanataka nikakiri kwa mganga na nimtaje mwanamume, maana bila jina dawa haishiki. Tsuma, sina mtu wa kumtaja. Wewe uko wadi ya watoto, na hata kama kazi yako ni kupiga deki, unasikia madaktari wanavyosema. Niambie nifanye nini.

Ni mimi dada yako,
Sidi


Mombasa, 29 Aprili 1957

Dada Sidi,

Salamu nyingi, na mavyaa wako pia umsalimie. Mimi ni mzima. Barua yako nimeipata Jumamosi, nikaisoma mara tatu.

Usikiri. Watoto kama Nzai tunao kumi na wawili wiki hii, hata mtoto wa karani wa bandarini yumo. Wote wana miguu hiyo na nywele hizo. Yuko nesi mmoja anayewafundisha akina mama kila Jumatano, na watoto anawapima uzito kwenye mizani. Nilimweleza habari zako. Akaniambia, "Mwambie dada yako mtoto ana njaa. Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa."

Uji mtupu haumjengi mtoto aliyeachishwa ziwa. Anataka samaki, kunde, mayai. Najua huko mtoto hapewi mayai, wewe mpe. Samaki mtoe miiba, mponde, umchanganye kwenye uji. Akikataa, mpe vijiko viwili vitatu, mara nyingi kwa siku, huku umempakata na unaongea naye. Nesi anasema mtoto wa namna hii akiachwa peke yake hata kula anasahau.

Kubwa kuliko yote ni maziwa. Hapo unaye Barwako, mke wa Dukicha, yule Muorma mnayebadilishana naye maziwa kwa mahindi. Mwombe kibuyu kila siku. Halafu mpeleke mtoto dispensari, Garsen. Mangi akikataa kusikia, msomee barua hii.

Mdogo wako,
Tsuma


Kulesa, 20 Juni 1957

Ndugu yangu Tsuma,

Natumaini wewe u mzima. Barua yako imenifikia jana. Mto ulifurika tangu mwanzo wa Mei, kivuko cha Garsen kikasimama, na lori la barua likakaa ng'ambo. Nimeisoma shambani, peke yangu.

Nimekwisha kukiri. Mwisho wa mwezi uliopita ngozi ya Nzai ilianza kubanduka mapajani kama ya mtu aliyeungua. Mavyaa akanishika mkono. Hakunifokea, alikuwa analia. Akasema, "Mwanangu, aibu haiui mtu. Sema, mtoto apone." Nikaona kwamba anampenda kama mimi ninavyompenda. Nikasema ndiyo, nilitoka nje.

Wakataka jina. Nikatafuta mtu aliye mbali, asije akadhurika. Dukicha alikuwa amehama na ng'ombe kuelekea Chewele, akamwacha Barwako na wale wachache wa maziwa. Nikamtaja Dukicha.

Mganga akamwogesha Nzai kwa majani. Siku mbili akanyanyua kichwa, kila mtu akasema, "Mmeona?" Kisha akarudi vilevile.

Barwako amesikia. Hapiti tena kwetu, nami sijui nitamtazamaje usoni. Sasa wewe unaniandikia maziwa. Samaki nampa tangu jana, anatema. Mangi amehamia nyumba ya mama yake. Nimemwambia nilidanganya, akasema wote husema hivyo. Barua yako amekataa kuisikiliza, na kwa mtumbwi wake hataki kutuvusha hadi dispensari.

Dada yako,
Sidi


Mombasa, 2 Julai 1957

Dada,

Nakusalimu kwa haraka. Lori linaondoka sasa hivi na dereva amekubali kubeba barua.

Nenda kwa Barwako. Mwambie ukweli wote, hata akikutukana, hata akikufukuza rudi tena. Ningepata ruhusa ningekuja mwenyewe, lakini msimamizi amekataa. Nesi amesema ukimfikisha Nzai hapa atampatia kitanda. Panda lori lolote. Usingoje idhini ya mtu.

Mdogo wako,
Tsuma


Chara, 10 Novemba 1957

Ndugu yangu Tsuma,

Salamu, na unisamehe kwa ukimya. Niko kwa shangazi. Afya yangu inarudi pole pole.

Nzai hayupo. Alifariki tarehe kumi na mbili Julai.

Barua yako ya mwisho ilifika siku mbili kabla. Lori lilikuwa limekwisha kuondoka, basi siku hiyo hiyo nilimfunga mgongoni nikaenda kwa Barwako. Aliniacha nimesimama juani nikasema yote. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu, "Kwa nini yeye?" Nikamjibu kwa sababu hakuwapo. Kisha akamfungua Nzai mgongoni mwangu, akamlaza mapajani pake, akaanza kumdondoshea maziwa kwa kidole. Akasema, "Nina watoto wanne. Ungekuja mwezi wa tano."

Tulikaa kwake. Nzai alimeza siku ile, na siku ya pili akameza zaidi, nikaanza kukuandikia moyoni. Siku ya tatu asubuhi nilimwona Barwako ameweka kibuyu chini na amemfunika mtoto kwa kanga yangu. Ni yeye aliyenisindikiza hadi Kulesa, akasimama mbele ya watu wote waliokuwa wamesikia jina la mumewe.

Mangi alinirudisha kwetu baada ya matanga. Mtoto wa pili nimemzaa hapa Chara, mwezi uliopita, msichana. Hajapewa jina, maana jina hutoka upande wa baba, na baba anasema si wake.

Wiki iliyopita Mangi alikuja. Alikataa kuketi. Nikamsomea barua yako ya kwanza, ile ya samaki na kunde. Safari hii alisikiliza. Akaniambia nisome tena pale penye samaki. Nikasoma. Akasema, "Kama ulidanganya, basi mwanangu amekufa kwa njaa, nami kila wiki nilikuwa nikipeleka samaki Garsen kuuza."

Akageukia mlango, akasema, bila hasira, "Bora iwe kweli ulitoka nje."

Akaondoka. Hakumtazama mtoto.

Tsuma, muulize nesi, huyu mtoto akifika miezi sita nianze kumpa nini, na kwa kiasi gani. Ziwa sitamwachisha mapema. Sasa hakuna mume wa kunipa mimba nyingine.

Dada yako,
Sidi