Kaseti Ambayo Lava Haikuila

Goma, Quartier Mapendo
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Élodie,

Kabla sijakusalimu kama adabu inavyotaka, acha niliseme hili huku mkono wangu ungali unatii: kaseti ya mama yako haikuungua. Nilikuambia lava iliila pamoja na nyumba. Haikuila. Ninayo mimi, mwaka wa ishirini na nne sasa, ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya vitabu vyangu.

Sasa ninakusalimu. U hali gani huko Liège? Mgongo umepoa? Watoto wanaendeleaje na masomo, na yule mdogo bado anakataa kula maharagwe? Nawaombea nyote kila asubuhi.

Mimi ninaamka, na kwa umri wangu wa miaka themanini na moja hilo ni jambo la kushukuru. Miguu imevimba na pumzi ni fupi. Daktari anayenitibu alikuwa mwanafunzi wangu wa Kifaransa. Zamani nilimgombeza kwa sentensi zake ndefu. Siku hizi anazungumza nami kwa sentensi fupi sana, na nimeelewa. Kwa hiyo barua hii naiandika kwa vipande, nikipumzika katikati.

Uwanja wetu wa ndege ungali umefungwa. Sista Christa wa parokia yetu atavuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, apande ndege Kigali. Ameahidi kukupa bahasha hii mkononi.

Picha zako mbili zilifika katika simu ya jirani yangu Cubaka. Asante, mwanangu, kwa kufikiri kwamba mzee huyu anastahili muziki. Umeniuliza nichague: ile bafle, spika ndogo isiyo na nyaya, au ile chaîne yenye kila kitu ndani yake, redio, CD, spika zake mbili, na pale mbele kimlango cha kaseti. Ulidhani ni swali jepesi. Limenikosesha raha wiki tatu.

Majirani wote wa parcelle yetu walijadili. Cubaka, ambaye anajua mambo ya simu, hakusita.

« Muzee, kamata bafle! Haina nyaya, haina kilo. Utaiweka hata kandokando ya kichwa. »

Mama Julie, mjane anayenipikia, alikuwa akichambua mboga. « Na simu ya kuiimbisha ataitoa wapi? Ile yake ya tochi? »

« Nitamuwekea nyimbo mimi mwenyewe, kila siku. »

« Wewe? Uliahidi kumuletea makala ya kupikia siku ya Jumanne, tukala mihogo mibichi mpaka Ijumaa! »

Nilicheka hadi kikohozi kikanishika. Cubaka naye akacheka, kisha akaitazama picha ya pili na kutikisa kichwa. « Kaseti! Muzee, ni nani angali na kaseti mu dunia hii? »

Nilisema nimechoka, nikaingia ndani.

Wote wawili walikuwa na haki. Bafle hujazwa umeme mara moja ikaimba siku nzima, na wewe unajua umeme wetu. Chaîne ina vitufe vikubwa ambavyo vidole vyangu vinavyotetemeka vingeviona bila miwani. Lakini mimi sikuwa nikipima hayo. Nilikuwa nikikitazama kile kimlango. Nikichagua bafle, kaseti inabaki katika kopo, nami nazikwa na uongo wangu ukiwa mzima. Nikichagua chaîne, utaniuliza kama alivyouliza Cubaka.

Acha nikukumbushe mambo tangu mwanzo, kwa maana ulikuwa mdogo.

Baba yako Julien, mdogo wangu, alipofariki, ulikuwa na miaka saba. Mama yako Kahindo alikubali uje kwetu Goma kusoma. Tulipatana mwaka mmoja. Nyumba yangu na Mama Fabiola haikuwa na mtoto, na wewe uliingia na kile kikapu chako, ukauliza kuku wanalala wapi. Mwaka mmoja ukawa miwili. Barabara ya Butembo ilikuwa mbaya, hiyo ni kweli, lakini haikuwa mbaya kila siku. Siku ambazo ilikuwa nzuri sikuzitaja.

Wakati ule hatukuwa na simu. Watu wa Butembo walizungumza katika kaseti, wakaikabidhi kwa mfanyabiashara anayeshuka Goma. Aliyejua kazi hiyo alivunja kwa kisu vile vijino vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kimoja kwa kila upande. Kijino kikivunjika, mashine hucheza tu, haikubali kurekodi juu yake. Hapo maneno yako yako salama hata yakipita mikono mingi.

Mwezi wa Novemba 2001 mfanyabiashara Élisée alisimama mlangoni petu na kaseti mkononi. Alikuinamia, akakuwekea sikioni. « Sikia, mutoto! Mama yako anaongea mu hii kitu! » Uliishika kwa mikono miwili kama yai. Ulikuwa na miaka tisa.

Kwetu, barua ya nyumba hufunguliwa kwanza na mkubwa wa nyumba. Kesho yake, wewe ukiwa shuleni na Fabiola akiwa amekwenda soko la Kituku kununua samaki wa sambaza, niliisikiliza peke yangu. Mama yako alikuwa amejaza upande mmoja karibu wote. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Uliporudi nilikuambia mashine imeharibika, tungoje.

Jumamosi nilikwenda nayo kwenye mazoezi ya kwaya. Unakumbuka nilikuwa mwalimu wa kwaya, na tulikuwa tukitengeneza nyimbo za Noeli. Niliirekodi kwaya juu ya sauti ya mama yako.

Fabiola nilimwambia nimechanganya kaseti, kwa sababu zote zilifanana. Akasema: « Mwambie mutoto. Mutoto anasamehe mbio kuliko mukubwa. » Nilimwambia kesho. Nilimwambia baada ya Noeli. Tarehe kumi na saba Januari mlima wetu wa moto ukapasuka.

Tulipokimbilia Gisenyi ulinishika koti. Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya mawe meusi, na joto lilipenya soli za viatu. Ulitafuta kwa macho mahali kabati lilipokuwa, ukanyoosha kidole. « Papa, kaseti iko chini? » Nikajibu: « Iko chini. » Ilikuwa katika mfuko wa koti lile lile, mwanangu. Kiwiko chako kiliigusa.

Ukaniuliza mama alisema nini ndani yake. Nikakuambia: anakusalimia, anasema usome. Hayo tu. Ulitikisa kichwa kama mwanafunzi aliyepewa jibu la hesabu.

Aprili habari ikaja kwamba Kahindo amefariki. Alikuwa akiugua tayari aliporekodi. Nilikuwa nimelisikia hilo katika pumzi yake. Fabiola alilia, majirani wakaja, na wewe hukulia. Uliniambia maneno matatu tu, na tangu siku ile sijaamka bila kuyasikia: « Basi hakunihitaji mimi. »

Ningekujibu pale pale. Kinywa nilikuwa nacho, na kaseti nilikuwa nayo. Nilikupa maziwa.

Umekua na sentensi ile. Wajomba zako walipokuja kukutazama siku ya diploma, hukutoka chumbani. Ulipoolewa uliandika kwamba upande wa mama huna. Kaburi lake liko Butembo na hujawahi kulikanyaga. Watu husema nilikulea vizuri, nami huinamisha macho, wakidhani ni unyenyekevu. Fabiola alikufa miaka sita iliyopita bila kunikumbusha tena, na ukimya wake ulinihukumu kuliko maneno.

Mwezi uliopita nilimwita padri. Baada ya maungamo alinishika bega: « Papa Donat, ya Mungu tumeyamaliza. Ya Élodie yamebaki kwako. »

Basi hili ndilo chaguo langu. Nunua chaîne, ile yenye kimlango cha kaseti. Lakini usiitume Goma. Iweke kwako, mahali unapokaa ukiwa na utulivu. Mimi sitaki kitu, wala bafle, wala redio. Mama Julie huimba akipika, inanitosha.

Kaseti iko ndani ya bahasha hii, imefungwa katika kitambaa cha Fabiola. Utasikia kwanza kwaya, na mimi nikiwagombeza waimbaji wa sauti ya pili. Usiizime. Nyimbo ziliisha kabla ya utepe kuisha, na mwishoni pamebaki dakika tatu au nne ambazo sikuzifikia. Nilizisikiliza mara moja tu, kabla ya redio yangu ya zamani kufa. Ni yeye. Anakuambia kwamba kuku wako mwekundu ametaga mayai tisa, na kwamba hajamruhusu mtu amchinje. Kisha anacheka kidogo, na utepe unaisha. Ina miaka mingi, utepe umechoka. Tafuta fundi aisafishe kabla hujabonyeza chochote.

Nisalimie mumeo na watoto. Cubaka anakusalimia na anasema nimekosea kuchagua. Mama Julie anakusalimia sana na anakuombea moyo wa amani, kwani hajui ninachoandika. Siku ukipata nguvu, wasalimie na wajomba zako wa Butembo. Nimeandika majina yao nyuma ya karatasi hii. Wanangoja.

Mungu akufunike na mkono wake, akupe usingizi mzuri, na asiwahesabie watoto wako makosa ya nyumba niliyokulea.

Mimi uliyeniita Papa, nami nikakubali jina hilo bila kulistahili, nikupendaye,

Kambere Donat

Sista Christa hajafika bado, nami nimeifungua bahasha tena. Umeona nilivyoandika hapo juu: nilimwambia Fabiola nimechanganya kaseti. Nimeliacha hivyo ili wewe nawe uamini. Igeuze kaseti, tazama mgongo wake. Mama yako alivunja vijino vyote viwili. Tundu moja liko wazi kama alivyoliacha, la ule upande mtupu, ambao ungeitosha kwaya yangu. La pili limezibwa kwa kipande cha karatasi ya daftari, ili mashine ikubali kurekodi tena, na juu yake kuna wino mwekundu wa kusahihishia. Ni wino wangu. Niliikata karatasi hiyo mezani, nyumba ikiwa tupu, nikaisukuma ndani kwa ncha ya kalamu, baada ya kumsikia mama yako akisema mara tatu: « Shemeji, ninamuhitaji mutoto wangu. Munirudishie Élodie. »