Alikulilia Mara Mbili

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini sitaanza kukuandikia kama mtoto asiye na adabu. Adabu yenyewe inaishia hapa, maana nina hasira.

Mwanao Deo amepewa nyumba. Nyumba na kihamba chote, migomba na kahawa, hadi pale ulipolala. Unakumbuka baba alivyoagiza kabla hajafa, kwamba nyumba ibaki kwa mtoto atakayekutunza? Basi ukoo umekaa, umeamua kwamba aliyekutunza ni Deo. Na ushahidi wao ni kwamba alilia vizuri.

Miezi yote uliyougua ulimwona kwa saa moja tu, ile Jumapili alipotoka Dar na suti na zabibu ambazo hukuweza hata kuzimeza. Ukaniambia nikuchane nywele, nikukalishe, "Deo asinione hivi." Alipoondoka ukawaambia majirani, "Mwanangu ananitunza." Jamani, mama! Mashuka niliyokufulia yalikuwa yanachuruzika maji kwenye kamba, hapo hapo mbele yao. Nilikwenda jikoni nikamenya ndizi kwa hasira mpaka nikajikata kidole. Sikukwambia.

Siku ya maziko akaja na miwani ya giza, na mpiga video nyuma yake. Jeneza lilipowekwa kando ya kaburi akajitupa juu yake. "Mama, niende na wewe!" Wanawake wakaangua kilio. Mimi sikuwa na chozi, nilikuwa nimechoka tu, na mvua ilikuwa inakuja na godoro lako lilikuwa juani. Nikaondoka kwenda kuliingiza ndani. Shangazi Anjela akasema, tena kwa sauti ili nisikie, "Huyu ana moyo wa jiwe."

Kwenye kikao cha ukoo Baba Mkubwa Kaspari, kata ya pombe ya mbege mkononi, akasema hakuna haja ya maneno mengi, mwenye mapenzi na mama yake kila mtu amemwona kwa macho yake. Wakaitikia wote. Wazee wazima, wenye mvi!

Subiri, bado. Krismasi wote walipopanda kuja nyumbani, Deo akatuwekea kanda ya maziko. Sebule ikajaa. Nikamwona anajitupa kwenye jeneza, kama nilivyomwona siku ile. Kisha, mama, akainuka, akajipangusa magoti, akamgeukia mpiga video: "Umeipata?" Yule akatikisa kichwa, akaonyesha jua kwa kidole. Deo akazunguka upande wa pili, akajitupa tena. "Mama, niende na wewe!" Sauti ile ile.

Nikasema moyoni, leo wameona wenyewe. Nikamtazama Baba Mkubwa. Alikuwa anafuta macho kwa leso! Akasema, "Mnaona? Huyu alimlilia mama yake mara mbili." Na shangazi naye, eti ile ya pili ndiyo ilikuwa na uchungu zaidi.

Nilicheka, mama. Nilicheka mpaka nikatoka nje nikashika mti. Wakasema nimechanganyikiwa. Watu wale ukiwavalishia mbuzi suti watampa kiti cha mbele na kumwamkia.

Sasa Deo amempangisha nyumba mtu wa baa. Kreti za bia zimeanza kupangwa chumbani kwako, pale ulipokuwa unaegemea ukuta ukisali rozari. Ameniambia nitoke kabla ya Pasaka. Niende wapi? Kwa mume aliyenifukuza?

Jumamosi ukoo unakaa tena. Jana Baba Mkubwa kanivuta pembeni, kwa huruma yake, akaninong'oneza, "Felista, ukija, lia. Lia hata kidogo tu, tutakuachia chumba cha nyuma."

Umesikia hiyo? Nimekugeuza kitandani, nimekulisha uji kwa kijiko, na bado natakiwa niigize ndipo nipate pa kulala.

Wewe nimekusamehe kwa ile Jumapili. Ulikuwa mama, ulimtaka mwanao. Wao siwasamehe.

Nakuahidi hivi: Jumamosi nitakwenda, nitasema niliyoyafanya, nitasema na aliyoyafanya Deo, na macho yangu yatakuwa makavu. Wakinitoa, wanitoe. Chozi langu hawalipati, hata kwa nyumba nzima.

Lala salama, mama yangu. Karatasi imelowa hapa chini, na wino umesambaa. Nimekuonyesha wewe peke yako.

Mwanao,
Felista