Tulivyompokea Mpima Hewa

Jumatatu, 7 Julai
Chupa arubaini kabla ya chai. Ukunda nzima hakuna anishindaye kuosha chupa za maabara. Mwenye shaka aje. Za korosho ndizo nongwa. Dawa tunayotolea mafuta ya korosho ili yapimwe hunuka kama petroli, ila pua yangu imezoea, ni pua ya kimataifa. Keshokutwa yuaja mama wa kupima hewa tunayovuta. Vidole vya miguu vina ganzi tena. Sitamwambia mtu. Nitafutwa kazi.

Jumatano, 9 Julai
Mgeni haingizwi nyumba chafu. Nikaamuru madirisha wazi, chupa zote zifunikwe, feni ya ofisini iletwe, kazi nusu. Mimi na Mwanaidi, mwenzangu wa mezani, tukafungwa pampu za kunasa hewa kiunoni, mirija yake ukosini karibu na pua. "Karibu mama, uvute hewa ya Diani bila kulipia hoteli!" Akacheka. Nikajiona bingwa.

Jumatatu, 21 Julai
Majibu: hewa salama. Bosi kafuta oda ya mashine mpya ya kuvuta mvuke wa dawa, tuliyoahidiwa. Madirisha yamefungwa, eti vumbi laharibu mizani.
Jioni ndara ilinivuka njiani. Sikuhisi. Nimefika msikitini na mguu mmoja mtupu, watu wakacheka, nami nikacheka. Naogopa. Naogopa sana.

Jumanne, 22 Julai
Mwanaidi kashika birika la moto mkono mtupu, anamimina chai huku anazungumza. Malengelenge. "Kaka Suleimani, mbona sisikii?"
Jioni hushona kofia za kuuza. Vidole ndivyo riziki yake.
Nilitafuta mzaha, haukuja. Ni mimi. Yule mama alipima sikukuu yangu, hakupima kazi yetu. Nimempigia simu nikasema yote, na miguu yangu pia. Hakunikaripia. Akasema, "Nitakuja bila hodi. Huyo binti asiingie tena mle."

Ijumaa, 25 Julai
Kaja. Kapima dakika chache tu, akatutoa sote nje. Bosi hanitazami. Na asinitazame.

Alhamisi, 31 Julai
Maabara imefungwa mpaka mashine ifike. Tuko Msambweni kwa daktari.
Aliniambia, "Fumba macho, useme nikikuchoma sindano." Nikasubiri aanze. Kumbe vidole vyote vitano vya mguu alishamaliza.
Nikiacha ule mvuke, asema, huenda vikahisi tena. Polepole.
Nimetoka. Mwanaidi kwenye benchi, zamu yake.
"Inauma?"
Nimemwambia haiumi hata chembe.