Ruhusa ya Kukimbia

Jumapili, baada ya ibada

Mwalimu Ireri,

Mke wako amenikuta mezani pako na kalamu mkononi, akaniuliza namwandikia nani. Nilimwambia. Alikwenda jikoni, akakaa huko kitambo, kisha akarudi mlangoni na kusema, "Basi mwambie Wawira ameota meno mawili." Kwa hiyo naanza na hilo. Binti yako ameota meno mawili, ya chini, na anamuuma kila anayempa kidole.

Unanijua mimi ni mtu wa utaratibu. Kila jioni naandika siku, hali ya hewa, na tulichofundisha. Ulikuwa ukinicheka: "Mmeru huyu atakufa na bado ataandika kama mvua ilinyesha siku hiyo." Tangu tukuzike naandika siku na hali ya hewa, halafu nakwama. Leo nimeona heri nikuandikie wewe mwenyewe.

Uwanja wako wa michezo haupo tena. Serikali imewahamisha watu wote wa kilima chetu wakae pamoja katika kijiji kimoja, wasiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni, na kijiji kimejengwa pale. Nyumba zimepangwa mistari, zote za udongo mbichi, handaki limechimbwa kuzunguka, na mnara wa walinzi umesimamishwa kando ya barabara. Pale penye shimo la kurukia, ulipokuwa ukitandika majani makavu ya migomba ili watoto wasiumie, mama mmoja ameweka mafiga na anapika githeri. Nilimwamkia. Sikumwambia anapikia wapi.

Shule imebaki palepale, upande wa pili wa barabara, na uzio wa miti iliyochongwa. Kati ya madarasa na uzio kuna njia nyembamba ya nyasi. Hicho ndicho kiwanja tulichobakiwa nacho.

Nisikuzungushe. Nataka kukueleza habari za watoto, lakini siwezi bila kuanzia Ijumaa ile.

Nilikuwa nyuma na wale wa polepole, mahali pangu pa kawaida. Ruhusa tulikuwa nayo, maana siku hizi anayekimbia huhesabiwa kuwa mtu wa msituni. Mkuu wa kambi ya homugadi, wale walinzi wa kijiji, alikuwa amekubali tangu muhula wa kwanza kwamba kila Ijumaa watoto wa darasa la nne wakimbie mpaka daraja la Rupingazi na kurudi, na kila mlinzi wa hapa alizizoea fulana zao. Lakini lori la askari lililotujia siku ile halikuwa la hapa. Wale askari walikuwa wageni, wanapita tu, na hakuna aliyewaambia. Wewe uliliona kabla yetu. Ulipaza sauti ile ya jeshi la Keya, ile uliyorudi nayo kutoka vita vya Bama: "Simama! Mguu sawa!" Watoto wakasimama kama nguzo, hata wale watundu, mikono imenyooka mapajani. Nami nikasimama nao.

Marigu hakusikia. Alikuwa ametuacha mbali, kama kawaida yake, amekwisha kupinda kona. Ulikimbia kumfuata. Sijapata kuona mtu wa umri wako akikimbia namna ile. Ulimfikia, ukamsukuma mtaroni, na wale wa lori waliona tu mtu mzima anakimbia.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Filimbi yako hawakuirudisha.

Shule ilipofunguliwa tena niliona jambo, nikadhani ni huzuni tu, itapita. Watoto walikuwa wanatembea. Wakati wa mapumziko wanakaa ukutani. Kengele ikilia wanainuka, wanapanga foleni, wanatembea mpaka darasani, viganja wazi ili kila mtu avione. Hakuna aliyewafundisha. Nilitengeneza mpira wa majani ya migomba, nikautupa katikati yao. Uliviringika mpaka ukasimama. Mvulana mmoja akaenda kuuchukua, hatua kwa hatua, akaniletea kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani.

Halafu mvua ikanyesha. Tulikuwa nje, shule nzima, tunang'oa magugu kando ya uzio. Ilikuja ghafla, ile mvua nzito ya mlimani. Nikapiga kelele, "Kimbieni ndani!" Mwalimu, hawakukimbia. Watoto zaidi ya mia walitembea mvuani, polepole, wadogo wameshikana mikono, maji yanawatiririka usoni, mpaka wa mwisho akaingia. Niliwafuata nyuma nikilia, na nilishukuru mvua.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Alisema labda ni heri. "Futa drili kwenye ratiba, wape majembe. Kuchimba matuta ni mazoezi pia, na hakuna atakayempiga mtoto risasi kwa kuchimba." Alisema kwa upole. Ana watoto wake. Lakini usiku ule nilikumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba mtoto asiyekimbia hajui mwili wake ni wake. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya askari mstaafu anayependa kupiga filimbi.

Asubuhi nilikwenda kambini. Nilimwambia mkuu wa homugadi nataka ruhusa ya kukimbia.

"Kukimbia? Unamkimbia nani, mwalimu?"

Nikamwambia simkimbii mtu. Nataka nizunguke shule, mimi mwenyewe, saa nne, watoto wakitazama na walinzi wake wakiwa pale mnarani na bunduki zao. Nataka watoto waone mtu mzima anakimbia na hakuna linalotokea. Alikuwepo mazishini kwako, unajua, alisimama mbali karibu na mahindi. Mwishowe alisema, "Vaa shati jeupe. Na usikaribie lango." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Nitapanda mnarani mimi mwenyewe."

Basi nikakimbia. Mimi! Wewe ulikuwa ukisema sisi Wameru wa Muthara miguu yetu imeumbwa ili tukae tukitafuna miraa, na hukukosea. Mzunguko wa kwanza nilipita chini ya mnara huku mgongo ukinisisimka, shingo imeingia mabegani kama kobe. Sikusikia kitu ila pumzi yangu. Mzunguko wa pili mlinzi mmoja akapaza sauti, "Kaza, Mmeru! Hata mbuzi wa mama yangu wanakushinda!" Na ukutani mtoto mmoja akacheka, akajifunika mdomo. Kisha wa pili. Wengine wakalia.

Nimefanya hivyo kila siku tangu hapo. Siku ya nne wavulana wawili wa darasa la pili waliingia nyuma yangu, wakishika shati langu. Sasa ni wengi, wananipita wakinizomea, nami nawaacha. Mwalimu mkuu hakufuta drili.

Lakini Marigu alibaki ukutani. Alikuwa akitazama mnara, hanitazami mimi. Juzi aliniita pembeni, akaniuliza kwa Kiembu, taratibu, kama mtu anayeuliza hesabu:

"Mwalimu, wale wa juu wanakujua?"

Nikasema ndiyo, wananijua.

"Na wale wa lori hawakumjua Mwalimu Ireri?"

Nikasema hapana. Hawakumjua.

Akasema, "Kama ningekuwa polepole kama wewe, ningesikia."

Nilipiga magoti pale kwenye nyasi. Nilimwambia mbio zake si kosa. Nilimwambia ulikuwa ukijivunia mbio zile kuliko nishani zako, kwamba ulikuwa ukija nyumbani Ijumaa na kumsimulia mke wako jinsi mtoto yule alivyotuacha. Sijui kama aliamini. Aliitikia kwa kichwa tu, na machozi hayakumtoka. Ningependa yangemtoka.

Jana aliingia nyuma yangu. Sikugeuka. Nilisikia nyayo zake, nyepesi, nikazitambua. Alikimbia nyuma ya madarasa, akakimbia kando ya jiko, akakimbia upande wa mahindi. Tulipofika upande unaotazama barabara, nyayo zikakoma. Alikuwa anatembea, viganja wazi. Nikaacha kukimbia, nikatembea naye mpaka kona, na hapo akaanza tena.

Ndivyo tulivyo sasa, Mwalimu. Pande tatu anakimbia, upande mmoja tunatembea.

Mke wako ameniita, uji unapoa. Nitamtunza yeye na Wawira kadiri ya mshahara wangu na nguvu zangu, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Na upande ule wa barabara nitatembea na Marigu kwa muda wowote atakaotaka, hata miaka. Siku atakaponiacha nyuma pale, nitakuja kaburini kwako kukuambia kwamba nimeshindwa mbio.

Kwaheri, ndugu yangu.

Mutwiri