Chumba Kimoja cha Zahanati

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Bodaboda kaniacha chini ya mlima, nimepanda kwa miguu, viatu mkononi. Zahanati iko vilevile: kuta mpaka kwenye lenta juu ya madirisha, paa hakuna, juu mawingu. Wanakijiji walishamaliza sehemu yao zamani. Matofali, mchanga, maji ya kujengea, vyote kwa migongo yao. Mabati ni juu yetu sisi wa serikali. Wameniuliza lini. Nimejibu "karibuni". Nimelichoka hilo neno. Eti mimi ndiye afisa maendeleo wa kata. Maendeleo gani.

Alhamisi, 6 Machi
Lusajo, mtendaji wa kijiji, kanipigia. Kuna mtu anabeba matofali yaliyobaki pale kiwanjani. Ni Mama Sekela, mjane, shamba lake la viazi linapakana na zahanati. Wala hajifichi. Anabeba mchana kweupe, kichwani, huku anasalimia watu. Lusajo anataka tumpeleke polisi, kule mjini Mbalizi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwake. Mvua imeangusha ukuta wa jiko, anapikia chini ya turubai. Nimejikaza, nimemwambia matofali yale ni mali ya kijiji.
"Nimefyatua mwenyewe, afisa. Nimechoma kwa kuni zangu. Au mnangoja yaote uyoga?"
Nimekunywa chai yake. Lusajo kakasirika: nilitumwa kuonya mwizi, nimerudi na viazi kwenye mkoba.

Jumatatu, 10 Machi
Wengine wamemfuata. Matofali yaliyobaki kiwanjani yamekwisha. Leo vijana wawili wamepanda ukuta wa zahanati na nyundo, wabomoe, mgambo wakawatimua, mmoja kaanguka, kaumia mkono. Majirani hawasalimiani. Nimempigia bosi wilayani. Kasema bajeti ya mwaka huu haina mabati, niwaambie wavumilie. Kakata simu. Wavumilie mpaka lini, hakusema. Kesho mkutano. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi
Nimesema. Mwaka huu hakuna mabati. Mwakani sijui. Tulikuwa tumesimama pale pale kiwanjani, kwenye matope. Kisha mama mmoja, mtoto mgongoni: "Kwa hiyo niendelee kwenda kliniki Mbalizi kwa miguu?" Nikamjibu ndiyo. Ndiyo chungu kuliko zote nilizowahi kusema.
Vijana wakaziendea kuta. Lusajo akawahi mlangoni, akatanua mikono. Nilidhani ataita mgambo. Akasema ana mabati nyumbani, kanunua kidogo kidogo kwa ajili ya nyumba yake, yanatosha chumba kimoja. "Yachukueni. Ukuta msiguse." Mkewe akageuka kumtazama. Ni wazi alikuwa hajui.
Hakuna aliyepiga makofi. Mama Sekela akauliza mbao atatoa nani. Hapo watu wakaanza kubishana, huyu ana miti, yule ana msumeno, fulani mchoyo. Wamebishana mpaka mvua ikaja. Nimeusikiliza ubishi ule kwa furaha.

Jumapili, 23 Machi
Chumba kimoja kimeezekwa. Paa limepinda kidogo upande wa kaskazini. Mama Sekela hajarudisha matofali, wala hakuna aliyemuuliza. Jiko lake limesimama. Mke wa Lusajo bado hanisalimii. Simlaumu. Bosi kapiga, anataka picha, anasema ionekane mradi unaendelea. Sijatuma.

Jumatano, 2 Aprili
Muuguzi wa kata jirani kaja kupima watoto. Atakuwa anakuja mara moja kwa mwezi, barabara ikimruhusu. Mzani umening'inizwa kwenye boriti. Mvua ilinyesha muda wote, kelele ya mabati ikawa kubwa, ikabidi muuguzi apaaze sauti akitaja majina. Vyumba vingine vimeota majani. Kina mama wamebanana kwenye mkeka, hakuna anayelowa. Mmoja alisinzia akiwa ameketi, mtoto ananyonya. Nikaegemea ukuta pembeni yake. Nami nikasinzia.