Bunduki Uliyompa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza kwa sababu tulilelewa; ugomvi utafuata. Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje? Huku tu wazima, ila goti la Mama tu, baridi ikiingia nalo linagoma. Anakusalimu sana.

Kitabu chako cha watoto kimefika. Jalada linapendeza, na jina lako limeandikwa kubwa kuliko la hadithi yenyewe. Hongera. Sasa niambie, ile bunduki umeitoa wapi? Ukurasa mzima Baba amesimama kilimani, kifua mbele, moshi unafuka, maadui wanatawanyika kama kuku. Baba yupi huyo? Marehemu Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Vita vyote alikaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya ibada akishona sanda, za watu wetu na za wale wa upande wa pili, kwa kitambaa kilekile. Walipomletea bunduki aliikataa, akasema imani yake haimruhusu. Wakamwita mwoga, wakatema mate mlangoni petu, nawe ukawa unarudi kutoka shule shati limechanika kwa kumpigania. Hayo hukuyaona ya kuandika? Kama unamwonea aibu, sema! Uongo hata ukipakwa rangi nzuri ni uongo, na huu unawalisha watoto ambao hawana wa kumuuliza.

Nilivyopandwa na hasira, nilimwambia Mama nitakurudishia kitabu chako kikiwa vipandevipande. Yeye aliendelea kuchambua maharage, binti yangu yuko ubavuni pake na kitabu mapajani. Mtoto akamuuliza bibi yake, kwa furaha kabisa, Babu aliua watu wangapi. Nikadakia kwamba hakuua hata mmoja. Mama akanikatiza. Akasema, mmoja.

Kaka, nikakaa chini. Mama alieleza kwamba vita vilipoanza, sisi tukiwa bado wadogo, Baba alichukua bunduki kama wenzake. Huko mtoni akampiga risasi mtu aliyeinama kuchota maji. Alipomgeuza, akakuta ni kijana ambaye hata ndevu hajaota. Akambeba mgongoni hadi nyumbani, akamshonea sanda kwa shuka la harusi yao. Hiyo ndiyo sanda yake ya kwanza. Tangu siku ile hakugusa tena silaha, na alimwomba Mama asituambie kamwe. Mama ameificha siri hiyo hadi leo, lakini anasema hawezi kukaa akimtazama mjukuu wake akishangilia.

Hasira yangu haijaisha, nakwambia kweli, ila sasa imechanganyika na machozi. Mama hataki kitabu kichanwe. Ana ombi moja, nami nimemwahidi kwamba utalitimiza. Kikichapwa tena, anasema, bunduki iache kama unaipenda hivyo, lakini mwambie mchoraji amweke na yule kijana mbele yake.

Nisalimie wifi na watoto. Kitabu usiwasomee kwanza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikugombeza.